Wiki kumi na mizani: shajara ya mkaa, gesi na LUKU Mbeya

Jumatatu, 2 Juni 2025

Tumeanza. Nyumba 16: tano Ilemi, nne Isanga, nne Uyole na tatu Isyesye, ambako kila ukipita unakuta msingi mpya umechimbwa. Kazi yenyewe ukiisema ni fupi. Kwa wiki kumi tunataka kujua kila nyumba inachoma nini na kwa kiasi gani, iwe mkaa, kuni, gesi au umeme, kisha tukadirie gesijoto, yaani gesi zinazopasha dunia joto, inayotoka humo. Tuko wanne. Mimi naandika, mwalimu mstaafu anapiga hesabu, vijana wawili wanabeba mizani.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ya 2022 ikahesabu 541,603. Zaidi ya watu laki moja na nusu wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wote wanakula chakula kilichoiva. Hiyo ndiyo sababu ya mradi, sina nyingine kubwa zaidi.

Mwenyekiti wa mtaa ametutembeza nyumba kwa nyumba ili tusidhaniwe ni watu wa kodi. Majina hatuandiki. Nyumba ni N1 hadi N16.

Alhamisi, 5 Juni

Siku nzima imeishia kwenye debe.

Dodoso tulizopitia kabla ya kuanza huuliza, "Unatumia debe ngapi kwa mwezi?" kana kwamba debe ni kilo. Leo tumenunua debe moja moja kwa wauzaji watatu, wawili Mwanjelwa na mmoja Ilemi, kwa bei ileile. La kwanza kilo 4.6. La pili 5.3. La tatu 6.4. Kijana wetu akamwaga lile la kwanza chini tukaiona kazi ya mikono: vipande virefu vimekingamishwa, katikati matundu matupu, juu kilemba cha kupendeza. La tatu lilikuwa na chenga nyingi pamoja na vipande vya mti mgumu, vile vinavyolia kama chupa ukivigonganisha. Muuzaji wa la kwanza hakuona haya hata kidogo. "Mzee, mimi nauza debe, siuzi kilo."

Hakukosea. Aliyekosea ni sisi tuliotaka kuzidisha madebe yake.

Gunia ndiyo usiseme. Linaongezwa shingo ya nyasi na kufumwa kwa kamba mpaka linampita kimo mtoto wa darasa la kwanza.

Uamuzi: hakuna kuuliza madebe. Kila nyumba imepewa ndoo yenye namba yake. Asubuhi tunapima mkaa uliomo, jioni tunapima uliobaki.

Jumanne, 10 Juni

Kwa mujibu wa daftari letu, N9 inazalisha mkaa. Asubuhi ya jana ndoo ilikuwa na kilo 3.1, jioni kilo 5.4, na katikati wamepika ugali na mboga, wamechemsha na maji ya kuoga.

Tumechimba tukapata mambo mawili. Shemeji alifika kutoka Chunya na mkaa wa zawadi, naye kwa ukarimu wake akaujaza kwenye ndoo yetu. La pili ni la kwetu: kijana anayezunguka Uyole asubuhi alikuwa akitoa uzito wa ndoo tupu, gramu 800, lakini jioni kwa haraka ya kuwahi daladala hatoi. Kwa hiyo nyumba zote nne za Uyole zilionekana zinabana matumizi kwa namna ya kusifika, na mwalimu alikwisha anza kutafuta sababu ya kitaalamu.

Tumesahihisha Uyole yote. Siku ya N9 tumeifuta. Uzito wa ndoo sasa umeandikwa kwa rangi nyekundu ubavuni mwa kila ndoo.

Jumamosi, 14 Juni

Siku nzuri. Mwalimu alikuja N11 na kipimajoto chake cha maabara, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Nyuzi 94. Mama mwenye nyumba akasema kipimo kimeharibika, maji yakichemka ni 100, hata watoto wanafundishwa hivyo. Mwalimu akafurahi kama aliyeombwa kusoma shairi. Tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, akasema, na kila ukipanda mita 300 hivi maji yanachemkia nyuzi moja chini. Yanarukaruka vilevile, ila joto halifiki. Hapo huyo mama akakumbuka kitu: "Ndiyo maana dada yangu wa Kyela maharage hayahaya anayaivisha mapema! Mimi nilijua ana jiko zuri." Kyela iko chini kabisa karibu na Ziwa Nyasa, kule maji yanachemkia nyuzi 98 na kitu.

Basi tukapima maharage, maana ndiyo yanayokula mkaa kuliko chochote katika nyumba hizi. Nusu kilo ya maharage ya njano, sufuria moja, jiko moja. Yasiyolowekwa yalichukua saa 2 na dakika 40, mkaa kilo 1.1. Yaliyolala kwenye maji usiku kucha yalichukua saa 1 na dakika 35, mkaa kilo 0.7. Halafu tukaleta sufuria ya presha ya umeme tuliyoazima. Presha inapandisha joto la kuchemkia, yaani humo ndani ya sufuria ni kama umeshuka milima yote mpaka pwani na kupita. Yasiyolowekwa yaliiva kwa dakika 50 na kula yuniti 0.4.

Mama alionja. "Yameiva. Mchuzi haujakolea, lakini hilo la kwangu." Akauliza bei ya sufuria. Nilipomtajia akageukia kuchochea jiko lake.

Ijumaa, 20 Juni

N7 ina mtungi wa gesi wa kilo 6. Umevishwa kitambaa cha kufuma, umekaa kwenye kona ya jikoni kama mgeni wa heshima. Karani yeyote akipita hapo atajaza "gesi" na kuendelea na safari.

Tuliupima tarehe 3, tumeupima leo. Siku 17, gesi kilo 1.3. Siku hizohizo mkaa umekwenda wastani wa kilo 2.1 kwa siku. Gesi ni ya chai ya asubuhi, uji wa mtoto na kupasha kiporo watoto wakichelewa shule. Ndizi, kande, maharage na maji ya kuoga ni mkaa.

Nilimuuliza mama N7 kwa nini, naye akanijibu bila kufikiri sana. Mkaa anaununua kwa kopo, pesa ya leo kwa chakula cha leo. Mtungi hauuzwi kwa kopo. Ukiisha unataka pesa yote kwa mkupuo, tena unaweza kuisha Jumapili usiku. Halafu akaongeza: "Na jioni je, tutaota nini?"

Hilo la kuota moto hatukuwa na safu yake kwenye daftari.

Jumatano, 25 Juni

Nimekwenda Isyesye jioni kwa ajili ya hilo tu. Saa moja upepo unashuka, mdomo unatoa mvuke. N15 wamemaliza kupika, jiko limebebwa kwa koleo mpaka sebuleni, watoto wamelizunguka na madaftari yao. Makaa mekundu, hakuna moshi hata kidogo. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu moshi ukionekana mtu anafungua mlango. Mkaa unaowaka kwenye hewa finyu unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala nayo wasiamke. Nikasema tufungue dirisha.

"Tukifungua dirisha, baba, jiko la nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Tulikubaliana angalau dirisha la juu libaki wazi kiganja kimoja, na jiko litoke nje kabla mtu yeyote hajapanda kitandani. Nilikaa mpaka likatoka. Hii si kazi ya mradi, lakini siwezi kupima ndoo ya nyumba halafu nikanyamaza juu ya hilo.

Kwa kumbukumbu: wiki ya kwanza ya Juni N15 ilitumia kilo 2.2 kwa siku. Wiki hii ya baridi, kilo 3.0, na chakula hakijaongezeka. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini jiko ni la kupikia, la maji ya kuoga na la kuota, na anayemwambia mtu wa Mbeya ahamie gesi anamwondolea kazi mbili, ya tatu anamwachia mwenyewe.

Jumanne, 1 Julai

Umeme. Nyumba nyingi hesabu yake ni rahisi: balbu, simu, televisheni, pasi Jumapili. Anayetumia kidogo yuko kwenye daraja la D1, shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke yuniti 75 kwa mwezi.

Sasa njoo N3. Wapangaji sita, mita moja. Kila chumba peke yake kingebaki ndani ya 75 bila shida. Wakijumlishwa wanavuka, na wote wanalipa bei ya juu kama mtu mmoja tajiri. Pesa ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, inachangwa kwa vichwa, kwa hiyo ugomvi hauishi: nani ana friji, nani anapiga pasi kila siku. Mwenye nyumba ameumaliza kwa karatasi iliyobandikwa ukutani: jiko la umeme na hita marufuku. Sufuria yetu ya presha ingetimuliwa mlangoni.

Nyumba za kupanga ni nyingi katika mitaa inayokua. Nimeiwekea N3 alama ya nyota.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nyumba tatu zimepika pilau, mkaa umeruka mara mbili. Tulialikwa zote tatu. Kipimo cha leo si cha kuaminika sana.

Jumapili, 13 Julai

Tumekaa kwa mwalimu tangu asubuhi, na leo tumegombana.

Mwalimu alianza na mkaa. Kwa vigezo vya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, kilo moja ya mkaa ina nishati ya megajuli 29.5, na kila megajuli inatoa gramu 112 za hewa ukaa. Zidisha: kilo 3.3 za hewa ukaa kwa kilo moja ya mkaa. Unachoma kilo moja unapata zaidi ya tatu, kijana wetu mmoja akauliza inawezekanaje. Ni oksijeni ya hewani inayojiunga na kaboni, na oksijeni ina uzito wake. Gesi ya mtungi inatoa karibu kilo 3 kwa kilo.

Tukachukua N7 kwa wiki. Mkaa kilo 14.7, hewa ukaa kilo 48.5. Gesi nusu kilo na kidogo, hewa ukaa kilo 1.6. Mpaka hapo amani.

Ndipo mwalimu akafungua kanuni za miji za kuhesabu gesijoto. Hewa ukaa inayotokana na mti huandikwa pembeni, haiingii kwenye jumla, kwa hoja kwamba mti ukiota tena unaivuta irudi. Kwenye jumla zinabaki gesi nyingine mbili za moshi, methani na naitrasi oksaidi, ambazo ukizigeuza kwa uzito wa hewa ukaa ni gramu 170 na kitu kwa kilo ya mkaa. Mkaa wote wa N7 wa wiki nzima ukawa kilo 2.5. Ukiongeza gesi yake, jumla kilo 4.1.

"Sasa tuseme mama ameacha mkaa kabisa," akasema. Kilo moja ya gesi inafanya kazi ya mkaa wa kilo nne hivi, kwa sababu jiko la kawaida la mkaa linapoteza moto mwingi pembeni. Kilo 14.7 za mkaa zinakuwa kilo 3.7 za gesi, mara tatu, kilo 11 za hewa ukaa. Jumlisha gesi aliyokuwa nayo: 12.6.

Yaani katika kitabu cha jiji, mama akitupa jiko la mkaa na kufuata kile ambacho mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unamtaka afanye, ule unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, anaonekana amechafua hewa mara tatu zaidi.

Mimi nikasema huo ni uchawi wa makaratasi. Mwalimu akasema kanuni haina kosa: mti uliokatwa unatakiwa kuhesabiwa kwenye kitabu cha msitu ulikokatwa, na ukiuandika tena jikoni umeuhesabu mara mbili. Nikamuuliza, na hicho kitabu cha msitu kiko kwenye meza gani? Mkaa wa N7 umekatwa Chunya. Jiji halina msitu Chunya. Akaniangalia juu ya miwani. Tukanywa chai, ya gesi, tukaachana bila kuandika chochote kwenye safu ya mwisho.

Jumatatu, 14 Julai

Mwalimu amepiga simu saa kumi na mbili asubuhi. Hakulala. Anasema moshi mwingi hata hautoki jikoni.

Matanuri ya udongo, yale ya kienyeji, yanataka kuni kilo tano hadi kumi kupata kilo moja ya mkaa. Chukua sita. Kuni kavu nusu ya uzito wake ni kaboni, kwa hiyo kilo sita zimeingia na kaboni kilo tatu. Mkaa uliotoka unabeba kilo 0.9 tu. Kilo mbili na zaidi zimekwenda wapi? Vipande vingine havikuiva, chenga zimebaki chini, lakini nyingi zimepaa palepale porini, na sehemu yake ni methani, ambayo kwa miaka mia moja inapasha joto mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. N7 ikiwasha kiberiti, zaidi ya nusu ya moshi wa chakula hicho ulikwisha toka zamani.

Amesema tuongeze safu. Nikamwambia aiite "porini".

Jumamosi, 19 Julai

N14 wameleta mkaa mbadala, vidonge vilivyosindiliwa kutokana na makaa ya mawe. Huku kwetu si ajabu, Kiwira yanakochimbwa iko jirani. Vinashika moto taratibu na kukaa muda mrefu, mama amevipenda kwa kande. Hakuna mti uliokatwa. Ila kwenye daftari haviwezi kukaa safu moja na mkaa wa miti, kwa sababu kaboni yake ilikuwa ardhini kwa mamilioni ya miaka na hakuna chipukizi litakaloirudisha. Yote inaingia kwenye jumla, kilo mbili na zaidi za hewa ukaa kwa kila kilo. Tumewafungulia safu yao.

Umeme nao umesafishwa kidogo. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, na maji ya Usangu hapa mkoani kwetu yanapita Mtera na Kidatu yakizalisha umeme. Lakini hata tukidhani yuniti zote zimetoka kwenye mitambo ya gesi asilia, nusu kilo hivi ya hewa ukaa kwa yuniti, sufuria ya maharage ya N11 ingetoa gramu 200. Kwa mkaa, hata yaliyolowekwa, ni kilo 2.3 jikoni peke yake.

Ijumaa, 8 Agosti

Vipimo vya mwisho. Vijana wameomba wamalize mapema waende Nanenane, viwanja vya John Mwakangale. Ndoo tumewaachia wenyewe. N9 wanafugia vifaranga.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumefika kwenye tanuri. Barabara ya Chunya inapanda mpaka masikio yanaziba, halafu inaanza kuteremka na miombo inafunguka. Lori lililotupa lifti limetushusha njia panda, tukatembea kama saa moja.

Mchoma mkaa ni mtu wa makamo, ana kibali chake, karatasi ameikunja ndani ya nailoni. Tanuri lake lina urefu wa hatua sita, upana wa tatu, kimo cha kifuani: magogo yamelazwa, juu nyasi mbichi, juu yake udongo umepigwa kwa koleo mpaka umekuwa laini kama kaburi jipya. Matundu manne pembeni. Moshi ulikuwa mweupe, mzito, unatambaa chini kama ukungu wa asubuhi. Alituambia huo ni maji ya mti yanatoka. Ukianza kuwa mwembamba na kugeuka bluu, mti umeiva, anaziba matundu. Akichelewa, anakuta majivu. Kwa hiyo halali. Amejenga kibanda upande wa upepo. Macho yake ni mekundu, anapepesa kila neno.

Mwalimu alimuuliza linaingia kuni kiasi gani. Akaonyesha kwa mikono miwili. Linatoa magunia mangapi? Hapo akajibu mara moja: "Likikubali, kumi na mawili. Likigoma, saba." Magogo yalikwisha fukiwa, hatukuwa na cha kupima.

Tulizunguka sehemu alizokata miaka iliyopita. Visiki vimechipua, vingine vina machipukizi marefu kunizidi, na mwalimu akasimama mbele ya kimoja kwa muda, akanitazama bila kusema. Mita mia mbili mbele, visiki vimeng'olewa na pamelimwa mahindi. Nikasimama pale na mimi nikamtazama yeye. Tumekubaliana safu ya "porini" igawanywe mara mbili.

Tulipoaga, mchoma mkaa aliuliza ile mizani tuliyobeba inapima mpaka kilo ngapi. Hamsini, tukamwambia. Akasema hilo likitoka atapanga jingine baada ya wiki mbili. Tufike mapema na mizani, kabla hajafukia.